Raporo ya Lutundula ililala mu kabati, lakini hesabu yake inaingia mu sufuria yetu

Kila mara redio inatangaza ya kama komisio mupya, ao Inspection générale des finances (IGF), imeingia mu makontra ya mines, mu Kampemba jibu ni moja tu. Ku Bel-Air, ku Bongonga, pale wafanyakazi wanangojea gari ya kupanda Likasi ao Fungurume, utasikia: «Hiyo ni mambo ya bakubwa. Bataandika, bataweka mu kabati, siye tutabakia vile tuko.» Sisi watu wa sendika tunasikia hiyo maneno ku kila mukutano. Haiko uongo. Lakini iko nusu ya kweli, na nusu ya kweli inaweza kumukosesha mutu haki yake yote.

Basi tuangalie pamoja. Mu miaka makumi mbili, inchi yetu ilichunguza makontra ya mines mara ngapi? Ilikuta nini? Juu ya nini haikuleta kitu ku meza yetu? Na mutu mwenye kuvaa kofia ya mine, ao mama mwenye kungojea mushahara wa bwana yake, anaweza kuuliza nini?

Mwizi wa usiku na mulinzi wa parsele

Kuko wezi wa namna mbili. Wa kwanza anaruka kikuta usiku, anabeba redio, anakimbia. Huyu ni kama ruswa ya kila siku: polisi wa barabara, matabishi ku biro, karatasi yenye haitoke mpaka utoe kitu. Inauma, lakini tunaiona kwa macho.

Wa pili haruke kikuta. Ni mulinzi mwenye ulimuachia funguo ya parsele wakati ulienda safari. Yeye anaandika kontra, anaweka muhuri, anamupangisha shemeji yake nyumba yako kwa miaka makumi tatu, kwa bei ya mufuko moja ya makala. Siku unarudi, unakuta karatasi yote iko sawa. Unaenda ku tribinali, wanakuambia: «Baba, kontra iko na sinyature.» Huyu njo wa hatari zaidi. Haibe kitu chenye kuwa mu nyumba, anaiba nyumba yenyewe, na anaiba kwa njia ya sheria.

Mu inchi ingine wanasema hiyo ni kukamata Leta: watu wachache wanashika ule mukono wenye kutia sinyature, wanaufanya kuwa mukono wao. Mu Katanga, ule mukono unatia sinyature juu ya shaba na kobalti. Njo maana mambo ya makontra si mambo ya Kinshasa tu. Ni mambo ya mutu mwenye kuingia mu shimo saa kumi na mbili ya asubui.

Bunge ilijua tangu 2005

Tukumbuke vizuri. Vita ya 1996 na ile ya 1998 ilikuta Gécamines tayari mugonjwa. Mu miaka ya 1980 ilikuwa inatosha zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mu mwanzo wa miaka ya 2000 haikufika hata tani 30,000. Mu ule uzaifu njo makontra iliingia, moja nyuma ya ingine. Mu Oktoba 2002, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika ya kama mu miaka mitatu tu, mali ya mines ya Leta yenye bei ya dola miliari 5 kwa uchache ilipita mu mikono ya makampani ya watu, na kasha ya Leta haikupata kitu.

Wakati wakubwa walienda kupatana kule Sun City, walikubali ya kama makontra ya wakati wa vita ichunguzwe. Bunge ya transisio ikaunda komisio ya pekee, chini ya depite Christophe Lutundula. Ilianza kazi mu 2004. Raporo iliingia ku biro ya Bunge mu Juni 2005. Wadepite waliipata mu mikono mu Februari 2006, kisha miezi munane ya kulala mu kabati.

Ile raporo ilisema nini? Ilisema makontra mingi ya wakati wa vita haina faida kwa Leta, na ingine haina nguvu ya sheria. Ilitaja ile ya kufuta na ile ya kujadili upya. Ililomba parke ifungue madosie juu ya watu na makampani. Na ilitoa shauri moja yenye hekima sana: Leta isitie sinyature ku kontra mupya ya mines mpaka watu wachague serkali yao.

Sasa angalia vile ilikuwa. Raporo haikujadiliwa hata siku moja mu kikao kizima cha Bunge. Na lile shauri la kungojea uchaguzi halikufwatwa: mu ule mwaka 2005 wenyewe, wakati komisio ilikuwa inamaliza kazi, serkali ilikubali makontra makubwa juu ya Kamoto na juu ya KOV, kule Kolwezi. Mu ile kontra ya Tenke Fungurume, sehemu ya Gécamines, yenye ilikuwa 45% mu 1996, ilishuka mpaka 17.5%. Uchaguzi ulikuja mu Julai 2006. Shamba ilikuwa imekwisha kugawanywa.

Na sisi wafanyakazi, mu ile miaka tulikuwa wapi? Tulikuwa ku mulolongo wa «départ volontaire». Tangu 2003, watu wa Gécamines zaidi ya 10,000 walitoka, na feza ya kuwatosha ilitoka ku Banque mondiale. Jina ilikuwa «volontaire», lakini mutu mwenye hajalipwa miezi na miezi, utamuita wa kujipendea namna gani? Aliambiwa kampani haina feza. Na mu biro ya pembeni, ile mashimo yenye ingeleta feza ilikuwa inatolewa. Ile miaka wazazi walipoteza mushahara, watoto wakapoteza masomo ya Gécamines, wagonjwa wakapoteza lopitali. Hiyo njo ninaita hesabu yenye inaingia mu sufuria.

Makontra 61, hata moja muzuri

Kisha uchaguzi, serkali ilisema itasafisha. Mu 2007, waziri wa mines Martin Kabwelulu aliunda komisio ya kuangalia makontra upya. Iliangalia makontra 61. Jibu lake: hakuna hata moja yenye inaweza kuendelea vile iko. 39 ijadiliwe upya, 22 ifutwe. Hii si maneno ya upinzani ao ya sendika. Ni maneno ya komisio ya serkali yenyewe.

Matokeo? Kuko yenye ilibadirika. Ku Tenke, sehemu ya Gécamines ilipanda toka 17.5% mpaka 20%. Ni kitu, lakini haifike hata nusu ya ile 45% ya zamani. Na kuko yenye inapashwa kutufundisha kuwa macho. Kampani First Quantum ilinyanganywa muradi wa kusafisha mabaki ya Kolwezi mu 2009. Mutu angefikiri sasa mali inarudia ku Leta. Hapana. Ilipita kwa makampani yenye kuwa na uhusiano na mufanyabiashara Dan Gertler, kisha ikafika kwa kampani ENRC. Frontier, kule Sakania, ilifungwa mu 2010, wafanyakazi wakabaki wanaangaliana. Mu Januari 2012, ENRC ililipa First Quantum dola miliari 1.25 juu ya kumaliza ile kesi. Makampani ilipatana kati yao. Mutu wa Sakania mwenye alipoteza kazi, hakuna mutu alimuita ku ile meza.

Fundisho ni hili: uchunguzi wenye hauna macho ya watu juu yake unaweza kugeuka kisu. Unakata huyu, unamupa ule.

Hukumu inatoka ngambo

Mu 2013, Africa Progress Panel, kundi la Kofi Annan, lilifanya hesabu ya makontra matano ya mines ya kati ya 2010 na 2012. Liliandika ya kama Kongo ilipoteza dola miliari 1.36, juu mali iliuzishwa kwa bei ya chini kwa makampani ya kujificha ngambo. Ile feza inakaribia mara mbili ya bajeti ya mwaka ya afya na ya masomo kuweka pamoja. Mu Desemba 2017, Marekani iliweka Gertler mu vikwazo, na ikarudilia ile hesabu. Yeye anakataa, anasema hakufanya mabaya, na mutu ana haki ya kujitetea. Lakini mu Februari 2022, serkali yetu ilipatana na kampani yake Ventora juu ya kurudisha mali ya mines na ya mafuta yenye bei ya dola miliari 2 hivi.

Angalia tena Glencore. Mu 2022 ilikubali makosa ya ruswa mbele ya matribinali ya Marekani na ya Uingereza, na mu Desemba ya ule mwaka ilipatana na Kongo kulipa dola milioni 180 juu ya mambo ya kati ya 2007 na 2018. Mu Agosti 2024, Uswisi iliihukumu kulipa zaidi ya dola milioni 150, juu haikuzuia ruswa ya mwenzake wa biashara wakati ule mwenzake alinunua sehemu za Gécamines mu 2011.

Kwa hiyo mutu asikuambie ya kama hii mambo ni uvumi wa barabara. Matribinali ya inje ilisema. Kitu cha kuuma ni hiki: shimo iko kwetu, jasho ni yetu, vumbi iko mu kifua chetu, lakini hukumu inatoka Marekani na Uswisi, na sehemu kubwa ya amande inabakia kulekule. Na zile milioni 180 zenye zilikuja kwetu, nani mu Kampemba alionyeshwa ilifanya kazi gani?

IGF, barabara, na mishahara

Mu miaka ya nyuma IGF njo imeshika ile kazi. Mu 2022 iliangalia Gécamines na ikaandika ya kama zaidi ya dola milioni 400, zenye Gécamines inasema ililipa Leta kama kodi ya mbele na mikopo, hazionekane mu kasha ya Leta. Mu Februari 2023 ilifikia Sicomines, ile kontra ya 2008 na Wachina: mines kwa barabara. IGF ilisema ya kama ku dola miliari 3 za barabara na majengo zenye ziliahidiwa, zenye zilionekana ni milioni 822 tu, na Wachina wamekwisha kupata faida karibu miliari 10. Ubalozi wa China ulikataa, ulisema raporo haifanane na kweli. Lakini mu Machi 2024 kontra ilibadirishwa: feza ya barabara ilipanda mpaka miliari 7, Leta ikapata redevansi ya 1.2%, na Gécamines ikapata haki ya kuuzisha yenyewe sehemu yake ya shaba. Sehemu za kila mutu zilibakia vile zilikuwa: 68 kwa 32.

Ku Tenke vilevile. Serkali na CMOC walikokotana, kutosha shaba inje kukasimamishwa mu Julai 2022, na mu Aprili 2023 walipatana: CMOC italipa Gécamines dola milioni 800 kwa miaka sita, na faida isiyo chini ya miliari 1.2.

Ninasema wazi: hii ni maendeleo. Raporo ya Lutundula haikuleta hata barabara moja. Raporo ya IGF imefungua kontra. Lakini kuko mambo mawili.

La kwanza, IGF iko chini ya Prezida wa Jamhuri. Mutu mwenye kuchunguza akiwa chini ya mukubwa wa inchi, ataona vizuri makosa ya serkali ya jana. Makosa ya serkali ya leo, nani ataiona? Hii haiko tusi kwa mutu. Ni swali lenye kila mutu wa akili anapashwa kuuliza, hata kama anapenda hii serkali.

La pili linatugusa zaidi. Ku ile mapatano yote, walitangaza barabara, redevansi, faida, sehemu za shaba. Maneno ya wafanyakazi haikuwa kati ya ile yenye walitangaza. Na sisi tunajua kinachotokea wakati mines inabadirisha mikono. Mu kampani moja kwenye nilikuwa delege, mwenyewe mupya alikuja, akapanga mezani kontra mupya za kazi: miaka yote ya nyuma ikawa sifuri. Baba mwenye alikuwa na miaka kumi na moja ya kazi, akaanza kama mutoto wa jana. Lakini Kode ya kazi ya 2002 inasema wazi: kampani ikibadirisha mwenyewe, kontra za kazi zinaendelea na ule mupya. Watu mingi walisaini juu hawakujua. Njaa na kutojua ni ndugu.

Wenzetu wa Afrika ya Kusini walifanya namna gani

Kule nako walikamata Leta. Juu ya kuchunguza, waliunda komisio chini ya juji Raymond Zondo. Ilianza kusikiliza watu mu Agosti 2018, ikamaliza kutoa raporo mu Juni 2022. Mashahidi zaidi ya 300 walipita. Na jambo kubwa: ilikuwa wazi, mu televizio. Mama wa nyumbani aliweza kuangalia waziri akiulizwa: ile feza ulipeleka wapi? Prezida wa zamani Jacob Zuma alikataa kurudi mbele ya komisio, na mu 2021 aliingia gereza juu ya kudharau amri ya tribinali.

Mule mu raporo kuko mine moja ya makaa, Optimum. Iliuzishwa kwa kampani ya familia ya Gupta, na Eskom, ile kampani ya Leta ya umeme, ilitoa feza ya mbele yenye ilisaidia kununua. Mu 2018 ikaanguka mu deni, na wafanyakazi wakasimamisha kazi juu ya kuogopa kukosa mishahara. Unaona? Hata kule, mwisho wa mambo ya wakubwa ni mutu wa mine mwenye kukosa mushahara.

Nisidanganye: hata Afrika ya Kusini, wenye walipata gereza ni wachache, na watu wanalalamika. Lakini hakuna mutu kule anaweza kusema hakujua. Raporo iko wazi, mashahidi walisikika, na sendika inaweza kufungua ukurasa na kuuliza. Raporo ya Lutundula haikupata hata siku moja ya namna ile.

«Mutafungisha kampani!»

Kuko neno lenye tunaambiwa kila mara, na wenzetu wengine wanalirudilia: «Mukisumbua makampani, zitaenda, mutakula nini?» Si neno la kucheka nalo. Mutu mwenye ana watoto sita na nyumba ya kulipia mu Bongonga ana haki ya kuogopa. Frontier ilifungwa kweli.

Lakini tuangalie vizuri. Frontier haikufungwa juu wafanyakazi waliuliza. Ilifungwa juu wakubwa waligombania karatasi, na wafanyakazi hawakuuliza kitu. Gécamines haikuanguka juu ya kugoma. Ilianguka kwa uongozi mubaya na kwa kuvuliwa mali. Kimya hakikulinda kazi hata siku moja. Na kampani yenye kontra yake iko safi haiogope mutu kuisoma.

Tuulize nini, na tuulize wapi

Sheria iko. Iko karatasi, lakini karatasi ni silaha kwa mwenye kuisoma.

Ya kwanza: amri ya serkali ya Mei 2011 inalazimisha kila kontra ya mines itangazwe mu siku 60. Wadelege wa sendika waombe ile kontra, pamoja na kila nyongeza yake. Tukutane mu mukutano, mwenye alisoma asomee wenzake, kwa Kiswahili.

Ya pili: Kode ya madini ya 2018 inagawanya redevansi: 50% ku serkali ya kati, 25% ku province, 15% ku komune ao sekteri kwenye mines iko, na 10% ku mufuko wa vizazi vya kesho. Tena kampani inapashwa kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Maraporo ya ITIE inaonyesha yenye kampani inasema ililipa na yenye Leta inasema ilipata. Kama hesabu mbili haifanane, swali liko pale.

Ya tatu: kila mara kontra inajadiliwa upya, sendika ilombe kiti. Kama hawatupe kiti, tuandike mambo matatu tu na tuitume mbele ya sinyature: miaka ya kazi ihesabiwe, deni ya mishahara ilipwe, mufanyakazi wa kukodishwa apate haki sawa na mwenzake wa kontra ya kudumu.

Ya ine: tuombe wadepite wetu wa Haut-Katanga raporo ya komisio yoyote isomwe mu kikao kizima, mbele ya redio. Uchaguzi ukikuja na wakitugawia tisheti, tumuulize kila mutu: raporo gani ulisoma, uliuliza swali gani, siku gani?

Lutundula na wenzake walifanya kazi yao, waliandika. Raporo haikufa juu ilikuwa mubaya. Ilikufa juu ilikosa watu inje wa kuibebea sauti. Ku mukutano wa mwezi unaokuja, mbele ya kuzungumuza posho na gari ya kubeba wafanyakazi, mutu mumoja asimame aulize: kontra ya hii mines iko wapi, nani aliisaini, na inasema nini juu yetu? Kama hakuna mwenye kujibu, tuandike ile siku mu kitabu cha sendika, na mwezi wa kufwata tuulize tena.